Kipoza joto ni kizuri, fundi ndiye tatizo: yaliyonikuta kwenye duka la kompyuta Kampala

Kama unafikiria kununua Thermalright Peerless Assassin 120, kipoza cha prosesa ya kompyuta, nunua. Sifa zake zimejaa mtandaoni na kwa sehemu kubwa ni za kweli, kwa hiyo sitazirudia. Ninachotaka kukieleza ni kuhusu duka lililonifungia kipoza hicho, na hasa fundi wao, kwa sababu nimekaa na hasira hii muda mrefu na bado naona watu wanaelekezana pale.

Mimi nahariri video za harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa). Kompyuta yangu niliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, kadiri pesa ilivyopatikana. Prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote, ni Ryzen 7 5800X, na aliyewahi kuitumia anajua ilivyo na joto. Haiji na kipoza ndani ya boksi, basi mwanzoni niliiwekea kidogo nilichokitoa kwenye mashine nyingine. Kwa kuandika barua na kutazama sinema kinatosha. Lakini mimi natoa video ya masaa matatu, yaani kompyuta inaikusanya kuwa faili moja la mwisho, prosesa inakimbia kwa nguvu zote usiku kucha, na ikigusa nyuzi 90 inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kazi ya usiku mmoja inaingia mpaka adhuhuri ya kesho yake, na bibi harusi anapiga simu kuuliza video yake iko wapi.

Basi nikaenda mjini, kwenye mojawapo ya majengo yale ya maduka madogomadogo yaliyopangana kuanzia chini mpaka ghorofa ya juu. Kijana wa kaunta, Mungu ambariki, alinipokea vizuri, akanitafutia kiti, akanitajia bei bila kuzungukazunguka. Bei zenyewe zilikuwa za haki. Nilishauliza kwa majirani zao na hawa walikuwa chini. Nikachukua kipoza na feni tatu za kasha, mbili za mbele na moja ya nyuma. Nilitaka kufunga mwenyewe nyumbani, nikaambiwa dhamana ya duka haipo kama hawakufunga wao. Nikalipa shilingi 40,000 za ufundi, nikaacha kompyuta pale, jioni nikaifuata.

Ilipendeza, sikatai. Ukitazama kupitia kioo cha ubavuni unaona feni za mbele zikiwaka taa, mapanga yake yote wazi, hakuna waya unaoning'inia. Nikaipeleka nyumbani Kibuli kwa gari la kukodi, kasha limelazwa kwenye kiti cha nyuma, mazabodi (ubao mkuu unaobeba prosesa na kipoza) ikiwa chini. (Wenye vipoza vikubwa vya aina hii, msipande navyo boda vikiwa wima. Uzito wote unaning'inia kwenye mazabodi, na mashimo ya barabara zetu mnayajua.)

Usiku huohuo nikaanza kutoa video. Nyuzi zikapanda 70, zikapita 80, zikafika 90, zikaganda hapo. Kipoza cha minara miwili, feni mbili juu yake, feni tatu nyingine za kasha, na matokeo ni yaleyale ya kile kidogo cha mwanzo. Na makelele juu yake. Feni za kasha zilikuwa zinanguruma kwa kasi ileile mchana na usiku, hata nikiwa nimefungua ukurasa mtupu wa kuandikia. Nikaanza kukilaani kipoza. Usiku ule ningeandika tathmini hii ningewaambia msikinunue.

Lakini nilipoondoa kile kioo cha ubavuni, nyuzi zilishuka karibu 10 pale pale, bila kugusa kitu kingine. Nikakirudisha, zikapanda. Nikakiondoa, zikashuka. Hilo ndilo nililobeba kurudi nalo dukani, pamoja na kompyuta yenyewe na flashi yenye faili la kujaribia.

Nilimweleza fundi taratibu. Ikiwa imetulia iko sawa, ikifanya kazi inafika 90, na nikiondoa kioo inashuka. Mtu anayeijua kazi hii ukimwambia maneno hayo tu anajua pa kuanzia. Kipoza kinafanya kazi yake, kinachokosekana ni hewa mpya kuingia ndani ya kasha. Yeye hata kunitazama hakunitazama. Akawasha kompyuta, akaiacha kwenye skrini ya mwanzo bila programu hata moja, akanyoosha kidole: nyuzi 44.

"Si unaona? Iko sawa."

Nikamwambia, "Kaka, hapo haifanyi kazi yoyote. Nimekuja na faili, tuliendeshe dakika chache tu ujionee."

Akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye ngazi, "Dada, wewe kazi yako ni harusi. Fundi ni mimi. Kila mtu abaki na kazi yake."

Duka lilikuwa limejaa watu. Wengine walicheka. Yule kijana wa kaunta aliinamisha macho, na nadhani alinionea aibu, lakini hakusema kitu. Mimi nimeipandisha prosesa ile kwenye soketi yake kwa vidole vyangu, nimeunganisha kila waya kabla ya kukanyaga duka lao, halafu mtu niliyemlipa ananiambia nirudi kwenye harusi. Angekosea tu ningemsamehe siku hiyohiyo, maana kazi ya mikono ina makosa. Hakutaka kusikiliza, na hakutaka kwa sababu aliyekuwa anasema ni mimi. Mwanamume aliyenifuata kwenye foleni alilalamikia kompyuta kuzimika, naye alipewa kiti na maswali ya kutosha.

Halafu akatoa hukumu yake. Kwanza, joto la Uganda ni kali, vifaa hivi vimetengenezwa kwa nchi za baridi. Pili, ninahitaji mfumo wa kupoza kwa maji, ambao wanao, shilingi 650,000. Tatu, ada ya uchunguzi, 20,000. Uchunguzi wenyewe ni ule wa kuwasha na kunyoosha kidole. Nikalipa kwa sababu nilitaka kutoka pale na kompyuta yangu kabla sijasema la kujutia.

Sasa tuliangalie hilo la joto la Uganda, kwa sababu nimelisikia kwa mafundi wengi na linawatoa watu pesa bure. Mchana wa kawaida Kampala ni nyuzi 27 au 28. Dar es Salaam na Mombasa kuna joto na unyevu kutupita sisi, na watu wanaendesha prosesa hizihizi kwa vipoza vya hewa. Kama kuna kitu cha hapa kwetu cha kuzingatia ni mwinuko. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 10, hivyo feni ikisukuma kiasi kilekile cha hewa inabeba joto pungufu kidogo. Kidogo, narudia. Maana yake ni kwamba njia ya hewa ndani ya kasha inatakiwa iwe imenyooka zaidi, si kwamba ukanunue maji. Na hata hayo maji hupozwa na hewa. Rejeta yake inafungwa kwenye kasha lilelile, inategemea feni zilezile. Ningelipa 650,000 na tatizo lingebaki palepale, sasa likiwa na mabomba.

Wiki kadhaa zikapita nikifanya kazi kioo kikiwa kimeegemezwa ukutani. Sisi tunakaa karibu na barabara ya murramu, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Siku moja nikavuta kichujio cha mbele cha kasha nikisafishe. Kilikuwa safi. Si safi kiasi, kilikuwa kama kimetoka kwenye boksi asubuhi hiyo. Nikageuza kasha nyuma, na pale kwenye vipenyo vya kadi, chini ya kadi ya grafiki, vumbi jekundu limejipanga kwenye kila ukingo kama poda. Mkono ukaanza kunitetemeka. Vumbi hukaa pale hewa inapoingilia. Kama mbele ni safi na nyuma ni pachafu, basi mbele hapaingizi hewa.

Nikachukua kijiti cha udi, mama hakosi kuwa navyo nyumbani, nikakiwasha na kukisogeza mbele ya wavu kompyuta ikiwa inafanya kazi. Moshi ulitakiwa uvutwe ndani. Ulinirudia usoni. Nikakipeleka nyuma kwenye feni, moshi ukasukumwa nje. Yaani feni zote tatu za kasha zilikuwa zinatoa hewa nje, na hakuna hata moja iliyokuwa inaingiza. Kile kipoza kizuri masikini kilikuwa kinapigania hewa na feni za mbele, kinabaki na ile iliyokwishapashwa moto na kadi ya grafiki.

Kwa asiyejua, feni ya kasha ina pande mbili. Upande mmoja mapanga yako wazi, upande wa pili kuna vishikio vya plastiki vinavyobeba mota katikati. Hewa inaingilia upande ulio wazi na kutokea upande wa vishikio. Feni nyingi zina hata mishale midogo pembeni mwa fremu, mmoja unaonyesha hewa inakoelekea. Zangu zinayo. Fundi aligeuza zile za mbele ili mapanga yenye taa yaonekane vizuri kupitia kioo na vishikio vijifiche mbele. Alipanga kompyuta ipendeze siku ya kuchukua. Na mishale alikuwa nayo mbele ya macho.

Nilichukua bisibisi, nikazigeuza zote mbili. Nilipofuata waya nikakuta na siri ya makelele. Feni zilikuwa zimeunganishwa moja kwa moja na pawasaplai (kifaa kinachoigawia kompyuta umeme), zinapata volti 12 wakati wote, wakati mazabodi ina pini zake za feni na inaweza kuzipunguza na kuzipandisha kulingana na joto. Nikazihamishia huko. Nikarudisha kioo, nikaanzisha faili lile alilolikataa fundi. Nyuzi zilipanda mpaka 78, zikacheza 77, 78, 79, hazikupita hapo hadi video ikaisha. Kwa prosesa hii hayo ni matokeo mazuri mno. Kasi haikushuka hata mara moja. Nikifanya kazi nyepesi sasa nasikia feni ya dari ya chumbani, ya kompyuta siisikii. Nilifurahi nikamwamsha mdogo wangu aje aone namba, akanitazama, akarudi kulala.

Nikalipigia duka simu. Nilidhani tajiri mwenyewe, mwenye duka, akisikia atanisaidia, hata kwa neno la pole. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema fundi wake ana uzoefu wa miaka mingi, na pengine feni nilizigeuza mimi mwenyewe. Na kwa kuwa nimekiri nimefungua kasha, dhamana imekwisha.

Nilipoanza kuandika nilitaka kumaliza kwa kusema nendeni tu mkanunue vifaa pale, bei ni nzuri na kijana wa kaunta ni mtu wa watu, ila msikubali wafunge wao. Bado kuhusu yule kijana nasema hivyo. Lakini nunua kwao bila kuwaacha wafunge, dhamana hawakupi, na waache wafunge, ndiyo hayo. Kwa hiyo hapana. Ongeza shilingi kidogo, nunua kwa jirani, ufunge mwenyewe au utafute fundi anayeendesha kazi yako halisi mbele yako kabla hujalipa.

Na kama kompyuta yako ilishapita mikononi mwa fundi huyo, vuta kichujio cha mbele leo. Kikiwa safi na nyumbani kwenu kuna vumbi, geuza feni za mbele kabla hujauziwa mfumo wa maji.

Tajiri, najua utasoma, watu wako wote wanasoma. Nataka 20,000 yangu ya uchunguzi ambao haukufanyika. Zile 40,000 za ufundi nilikuwa nimeamua kukuachia, kwa kuwa kipoza chenyewe alikifunga sawasawa. Lakini tangu uliposema feni nilizigeuza mimi, nazitaka na hizo.