Hita ya zamani: mara ya kwanza nilitengeneza, mara ya pili nikanunua mpya

Baridi ya Julai hapa Arusha haina mzaha. Asubuhi moja mama alitoka bafuni amejifunga khanga, maji hajajimwagia, akaniambia, "Mwanangu, lile bomba linapiga shoti."

Hita yenyewe ya maji ya kuogea ilikuwa ya lita 80, marehemu baba aliifunga mwaka 2009. Nikazima swichi yake siku ile ile, tukarudi kuchemsha maji kwenye gesi.

Fundi wa kwanza hakufungua hata skrubu moja. Aliangalia kutu kwenye mfuniko, akasema imezeeka, nunua nyingine. Niliumia, maana hita mpya ya ukubwa ule dukani niliambiwa 520,000. Wa pili alianza kupima kwa tester, akamwaga maji yote, ndipo akafungua ile sahani ya chini yenye nati tano. Elementi, yaani kile chuma kinachopasha maji, ilitoka imevimba kwa chokaa, ganda gumu kama ukoko wa wali, na imepasuka upande mmoja. Hapo ndipo umeme ulipokuwa unavujia kwenye maji. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, nao ulikuwa unaning'inia, haujafungwa popote. Miaka yote ile tulikuwa tunaoga kwa kudra za Mungu.

Pembeni ya elementi kulikuwa na kijiti chembamba, akaniuliza kama nakijua. Sikukijua. Ni fimbo ya magnesiamu, maji huila hiyo kwanza badala ya kula chuma cha tanki. Yangu ilibaki waya mtupu, na hakuna mtu aliyewahi kutuambia kwamba hubadilishwa. Akanimulikia tochi ndani: ngozi ya tanki bado nzima, ila kutu imeanza kwenye maungio. Elementi, thamostati (kidhibiti cha joto), fimbo, mpira wa kuzibia, ethi na ufundi, jumla 145,000. Nikakubali, na sijutii.

Ilitufikisha mwaka mmoja na miezi minne. Kisha ukutani chini ya hita ukatokea mchirizi wa rangi ya chai. Nilijipa moyo kwamba ni valvu ya usalama, kwa sababu ile hudondosha matone maji yakipata moto, na ni kawaida yake. Nikafuta, nikasubiri. Tone lilitoka kwenye tumbo la tanki lenyewe.

Kijana mmoja wa gereji alitaka kulichomelea kwa 30,000. Nilikataa. Ndani ya tanki kuna ngozi ya kuzuia kutu, moto wa kuchomelea unaiharibu, na lile tanki linabeba presha ya maji usiku na mchana juu ya kichwa cha mama yangu. Kama maji yanavuja kwenye mpira, kwenye maungio ya bomba au kwenye valvu, tengeneza bila wasiwasi. Likitoboka tanki, nunua jingine.

Nilichukua ya lita 50, tumebaki wawili tu nyumbani. Kupasha lita 80 kutoka nyuzi 18 hadi 60 kunakula karibu uniti 4 za umeme. Lita 50 ni kama uniti 2 na nusu, na LUKU naiona inadumu zaidi. Kwa familia ya watu watano lakini nisingeishauri, wa mwisho ataoga ya baridi.

Hita mpya alikuja kuifunga fundi yule yule wa pili. Ethi aliifunga kwanza, akaipima mbele yangu, na tarehe ya kuangalia fimbo nimeiandika kwa maka pen ubavuni mwa tanki.

Siku ya kwanza mama aligusa bomba kwa mgongo wa kidole kabla ya kulifungua. Mpaka leo bado anafanya hivyo kila asubuhi.