Mifuko mitatu ya bastola za kijeshi: kisu kilipita lini?

Habari zenu watazamaji, karibuni mezani. Leo nina mifuko mitatu ya ngozi ya kubebea bastola za kijeshi. Yote ni ya zamani, na yote imeguswa na mkono wa mtu baada ya kutoka kwa mtengenezaji. Wa kwanza umekatwa kifuniko, wa pili una mihuri inayonitia shaka, wa tatu umebadilishwa rangi. Najua mnataka niseme tu, "halisi" au "feki". Kwa mifuko ya namna hii jibu hilo halitoshi, maana ngozi inaweza kuwa ya karne ya 19 na mkato ukawa wa wiki jana. Ninachotafuta ni lini iliguswa, na aliyeigusa alikuwa anaitumia au anaiuza.

Tuanze na huu mweusi. Ni wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, wa bastola kama Colt ya 1860. Ulipokuwa mpya ulikuwa na kifuniko kikubwa kinachoshukia mbele, chenye ulimi mwembamba wa kuchomeka kwenye kifungo cha shaba. Ulivaliwa kiunoni upande wa kulia, mpini wa bastola ukitazama mbele. Kifuniko kilikuwa na kazi: bastola hizo zilijazwa baruti na kuwekewa fataki ndogo za kuiwasha, na zikilowa hazifyatuki.

Sasa kwa nini mtu akikate? Sababu ipo, tena ya kweli, na hiyo ndiyo inayowapa wauzaji hadithi. Vita vilipoisha mifuko hii ilibaki mingi. Miaka ya 1870 risasi zenye maganda ya shaba zikashika soko, jeshi likaichukua Colt ya 1873, mvua ikapungua kuwa tishio, na kifuniko kikawa kero kwa mtu anayetaka kuchomoa silaha upesi. Basi watu wakakata. Mkato wa wakati ule ni sehemu ya maisha ya mfuko, na mimi nauheshimu. Lakini kifuniko kilichochanika juzi kwa uzee nacho kinaweza kunyooshwa kwa kisu, halafu ukaambiwa ulikuwa wa askari farasi wa huko Magharibi mwa Marekani.

Hebu sogeeni karibu, tazameni ukingo huu wa juu. Rangi nyeusi ya zamani haikuzama hadi katikati ya ngozi, kwa hiyo kisu kikipita, ndani hutokea kahawia. Mkato wa zamani uliotumika hupoteza makali yake. Ukingo unakuwa wa mviringo, umekolea jasho na uchafu, nyuzinyuzi zimelala. Huu wangu umekolea, sawa. Lakini rangi ya kupakwa nayo hukoleza, kwa hiyo nachukua pamba safi, naitia unyevu kidogo sana, nagusa mahali pasipoonekana. Mnaona? Pamba imetoka na weusi. Kiwi ya viatu, au kitu cha ukoo wake. Hilo peke yake halimtii mtu hatiani, kwani wapo wanaopaka kiwi mfuko mzima kwa nia njema tu.

Kinachouangusha ni nyufa. Tazameni ufa huu unaopanda mgongoni. Ngozi ikikatwa ikiwa bado nzima na baadaye ikapasuka, ufa huanzia ukingoni au hufunguka kuelekea nje. Huu unafika kwenye mkato na kusitishwa ghafla, kama barabara iliyokatwa na mto. Maana yake ngozi ilishazeeka na kupasuka kabla kisu hakijafika.

Ushahidi wa tatu ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu ni vigumu sana kuughushi. Angalieni uso wa mbele. Huku chini umechubuka, umekwaruzwa, rangi imetoka. Huku juu, eneo lenye umbo la kifuniko kabisa, ngozi bado inang'aa na vinyweleo vyake vinaonekana. Kama kifuniko kingekatwa miaka ya 1870 na mfuko ukaendelea kuvaliwa, sehemu hii nayo ingechakaa. Haikuchakaa kwa sababu ilikuwa imefunikwa karibu maisha yake yote. Mfuko ni halisi, mkato ni mpya.

Na kuna hili: muhuri wa mtengenezaji au wa mkaguzi mara nyingi ulikuwa kwenye kifuniko. Kifuniko kikienda, muhuri umeenda nacho. Ukiona mfuko uliokatwa halafu una muhuri mkali, msafi, mahali pasipotarajiwa, anza kuuliza maswali.

Hapo ndipo anapoingia huyu wa pili, wa Ujerumani, wa bastola ya P08, ile mnayoiita Luger. Ana kijaluba cha magazini ya akiba ubavuni na kijimfuko cha kifaa ndani ya kifuniko, vyote sawa. Nyuma kuna mwaka 1937 pamoja na msimbo wa herufi tatu ndogo. Hapo nasimama. Mwaka 1937 watengenezaji walikuwa bado wanaweka jina na mji wao. Misimbo ya herufi ilianza kuenea kwenye vifaa vya ngozi mnamo 1940 na 1941. Halafu kuna alama za SS, kile kikosi cha Wanazi, ambazo huongezwa mno kwa sababu zinapandisha bei.

Tumia lenzi. Muhuri uliopigwa kiwandani uliingia kwenye ngozi changa yenye unyevu: kuta zake laini, uso haukuvunjika, uchafu wa miaka umejaa chini. Ukipigwa kwenye ngozi kavu, uso hupasuka pembezoni mwa herufi, na wakati mwingine muhuri hupita juu ya mikwaruzo iliyokuwepo kabla yake. Alama za SS hapa zimekanyaga mikwaruzo miwili. Nikazima taa na kuwasha ya urujuanimno, uzi wa kijaluba ukawaka weupe wa buluu. Dawa za kung'arisha nyuzi, ambazo huwaka hivyo, zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo kijaluba kilishonwa upya. Ila jihadharini, uzi wa zamani uliosuguliwa kwa sabuni ya kisasa unaweza kuwaka pia, na uzi usiowaka si lazima uwe wa zamani. Hesabuni matundu ya sindano: yakiwa mengi kuliko mishono, kuna mtu alishawahi kushona hapo kabla.

Huyu namrudisha kwa mwenyewe. Kushona upya ningevumilia, lakini muhuri wa uongo hapana.

Wa tatu sitauchelewesha. Ni M1916 wa Marekani, wa bastola ya M1911, una herufi US kwenye kifuniko. Ulitengenezwa kahawia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na sasa ni mweusi. Jeshi la Marekani lilihamia ngozi nyeusi katikati ya miaka ya 1950, na mifuko mingi ya kahawia ikapakwa ili iendelee kutumika. Nikifunua nyuma ya kitanzi cha mkanda nakuta kahawia pale brashi ilipokosa kufika, na uzi nao umemeza weusi. Haya ni mabadiliko ya kazi. Ninaowalaumu ni wanaoikwangua rangi hiyo kwa kemikali ili "waurudishe" kahawia; wanafuta alama ya kweli na kuacha ngozi iliyokauka.

Tena msipake mafuta kabla ya kukagua. Mafuta hukoleza kingo zote ziwe rangi moja, na ukingo ndio shahidi wenu.

Basi huu wa tatu naubakiza. Ule wa kwanza nitaununua iwapo muuzaji atakubali bei ya mfuko uliokatwa juzi. Akishikilia hadithi yake ya askari farasi, abaki nao.