Bette Davis na Olivia de Havilland: nani alipambana vizuri na Warner Bros.?
Waigizaji hawa wawili wa kike walibanwa na studio hiyo ya filamu ya Hollywood kwa mkataba wa aina moja: ukikataa filamu unasimamishwa bila malipo, na siku hizo zinaongezwa mwishoni, kwa hiyo mkataba haufiki mwisho. Davis alikwenda Uingereza mwaka 1936 kufanya kazi kwingine. Warner wakamshtaki London, akashindwa, akarudi Hollywood. Lakini nafasi zilizofuata zilikuwa nzuri zaidi, na filamu ya 1938 ikampa Oscar ya pili. De Havilland alisubiri miaka 7 ya mkataba wake itimie, ndipo akashtaki California mwaka 1943. Hoja yake ilikuwa nzito: sheria ya kazi ya jimbo huhesabu miaka ya kalenda, si siku ulizofanya kazi tu. Alishinda 1944, na waigizaji wengine wakafaidika. Njia yake ndiyo bora, ingawa kesi ikiendelea studio zilimfungia milango.