Tallinn kwa siku moja na watoto wadogo: nendeni Lennusadam

Mara ya kwanza tulipovuka bahari kutoka Helsinki, Finland, kwenda Tallinn, mji mkuu wa Estonia, na watoto, tulitaka kuuona mji mkongwe wote. Tukapanda kilima cha Toompea, tukashuka, tukauzunguka uwanja wa ukumbi wa mji, tukasimama mbele ya lile duka la dawa ambalo limekuwa pale pale tangu angalau mwaka 1422. Kigari cha mtoto kiligongagonga juu ya mawe mpaka gurudumu moja likalegea. Kufikia saa nane mchana mimi na baba yao tulikuwa hatusemezani, na mkubwa amekaa chini katikati ya njia, anasema hatembei tena. Mji ni mzuri, mzuri mno, lakini haukuwa wa mtoto wa miaka mitano na mwingine anayeanza kutembea.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, tulikwenda tena, na safari hii tulichagua mahali pamoja tu: Lennusadam, makumbusho ya bahari yaliyo ndani ya mabanda ya zamani ya ndege za majini. Naandika kwa wazazi wenzangu wanaofikiria safari kama hiyo, kwa sababu tulirudi wote tukiwa na furaha, na hilo si jambo dogo.

Kwanza njia. Kutoka Helsinki ni kama kilomita 80 za maji, na meli za haraka huchukua takriban saa mbili. Tuliondoka saa moja na nusu asubuhi. Finland na Estonia zote zimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao, kwa hiyo hamtapanga foleni ya kugongewa mihuri, ila msije mkaacha hati nyumbani kwa sababu hiyo. Kila mtu abebe yake, hata mtoto anayenyonya, na kama nyinyi si raia wa Umoja wa Ulaya bebeni pasipoti pamoja na kadi za ukaazi. Pesa ni euro pande zote mbili, Estonia tangu 2011, na saa hazibadiliki.

Meli yenyewe sikuridhika nayo. Tulikuwa tumewaahidi watoto chumba cha kuchezea, tukakikuta kimefungwa na hakuna aliyeweza kutuambia kitafunguliwa lini. Mdogo alilia robo saa nzima mlangoni. Tangu siku hiyo siwaahidi watoto kitu chochote cha melini. Nabeba mfuko wa vitabu, kalamu za rangi na nguo za kubadilisha, na tukiingia tu tunakwenda kutafuta kiti cha dirishani kabla watu hawajajaa.

Kutoka bandarini tulitembea kufuata ufuo. Kwa miguu mifupi ilikuwa karibu saa nzima pamoja na kusimama kuangalia ndege wa baharini. Mnapita Linnahall, jengo kubwa la zege lililojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1980, wakati mashindano ya mashua yalipofanyika Tallinn, halafu Patarei, ngome ya bahari iliyokuja kuwa gereza. Njia ya ufuoni ni laini. Kigari kilipita bila kelele, nami moyo wangu ukatulia.

Sasa makumbusho. Mabanda haya yalijengwa mwaka 1916 na 1917: makuba matatu ya zege nyembamba yaliyoungana, na chini ya kila kuba hakuna nguzo hata moja. Unaingia kwa juu, kwenye daraja, na mashua zimening'inia pande zote katika mwanga wa buluu hafifu kama zinaelea. Mdogo alinishika shingo kwanza, akajificha. Nilikaa naye chini dakika chache, tukaangalia tu. Kisha akanyoosha kidole: nyambizi.

Hiyo ni Lembit, na kwangu ndiyo sababu ya safari nzima. Ilijengwa Uingereza, ikashushwa majini mwaka 1936 pamoja na pacha wake Kalev. Kalev ilipotea vitani mwaka 1941. Lembit ilinusurika, na haikutolewa majini mpaka 2011. Ina urefu wa karibu mita 60, na unaingia ndani kabisa. Kigari kinabaki nje. Ndani kila kitu ni bomba, gurudumu, saa na vishikio, na milango ni midogo kiasi kwamba baba yao alikuwa anainama kila hatua huku kifungua mimba wetu akipita kichwa juu kama nahodha. Aliona vitanda vya mabaharia vilivyo karibu na torpedo, yale makombora ya chini ya maji, akanyamaza. Halafu akauliza walikuwa wanajisaidia wapi, na usiku walijuaje kama ni usiku. Tulikaa humo karibu saa nzima kwa ajili ya maswali yake, na sikumharakisha.

Kuna pia mfano wa ukubwa kamili wa ndege ya Short 184 ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mizinga, maboya, na mahali ambapo watoto huvaa sare za baharia kupiga picha. Picha ya wanangu na kofia zilizowafunika macho iko ukutani kwetu.

Nje, gatini, imeegeshwa Suur Tõll, meli ya mvuke ya kuvunja barafu ya mwaka 1914. Ingieni, lakini ngazi zake zimesimama wima, kwa hiyo kila mtoto awe na mtu mzima wake. Chini kwenye matanuri ya makaa mkubwa alitaka kujua nani alikuwa anapakia yale makaa yote, na kwa mkono gani. Nikamwambia kwa koleo, watu, mchana na usiku. Aliyatazama yale matanuri muda mrefu.

Kama ningebadilisha kitu, ni meli ya kurudi. Tulikata ya saa kumi na nusu jioni, na ilibidi tuwatoe Suur Tõll wakiwa bado wanataka kukaa, kwa sababu milango ya kupandia hufungwa mapema na kwa watoto kutembea kurudi bandarini huchukua muda. Chukueni ya jioni zaidi. Kitinda mimba alilala kabla hatujaondoka gatini. Mkubwa alikaa dirishani njia nzima, akitazama maji, akiniuliza kama kuna nyambizi chini yetu.