"Mawe ni mawe tu": siku tatu Kilwa na mama mkwe

Nilitaka kutoa nyota moja, na kama kungekuwa na nusu ningetoa nusu. Sasa wiki kadhaa zimepita, hasira imeshuka kidogo, kidogo tu, na bado sijajua nitoe ngapi. Basi niseme yaliyotokea, kila mtu ahukumu mwenyewe.

Kampuni siitaji, wenyewe watajijua. Ni wale wenye tangazo zuri la "siku tatu katika miji ya kale", Kosta kutoka Mbagala, kulala Kilwa Masoko, boti, vibali, chakula na mtu wa kuwatembeza, vyote ndani ya bei. Nikalipia watu watatu: mimi, mke wangu na mama mkwe. Na mama mkwe ndiye chanzo cha maneno yote haya, maana wenye wakwe mnaelewa. Ukisafiri na mama mkwe hupayuki, hugombi, hata mguu kukunja nne unaona haya. Kila kilichonikera nilikimeza. Kwa hiyo mkiona andiko hili lina nyongo, ni nyongo ya siku tatu inatoka kwa mpigo.

Mama alifundisha historia sekondari miaka thelathini na ushee. Kilwa ameisomesha mpaka basi: dhahabu ya Sofala, sarafu za shaba za masultani, yule msafiri Mwarabu Ibn Battuta kufika mwaka 1331, Mreno kuja na mizinga mwaka 1505. Anavijua kama anavyojua majina ya wajukuu zake. Lakini kufika, hajafika. Zamani kwenda kusini haikuwa mchezo, kabla ya daraja la Rufiji kufunguliwa mwaka 2003 ulikuwa unafika mtoni unasubiri kivuko na Mungu wako. Halafu watoto sita na mshahara wa mwalimu. Kila mwaka alichora ubaoni ramani ya Husuni Kubwa, lile jumba la sultani lenye vyumba zaidi ya mia moja, na katikati anachora lile bwawa la pembe nane. Husuni Kubwa anaijua kwa chaki. Safari yote hii, nikisema ukweli, nililipia bwawa moja.

Siku ya kwanza sina neno. Kosta ilikuwa na kiyoyozi, dereva mstaarabu, Somanga tukasimama tukala samaki wa kukaanga mpaka mke wangu akalala mdomo wazi. Nyumba ya wageni safi. Nikajisemea, leo mkwe nimepata alama.

Siku ya pili tuliambiwa saa mbili kamili asubuhi tuwe botini. Saa mbili tuko gatini, sisi na wenzetu wengine saba. Nahodha yupo, mzee mmoja mkimya wa kofia ya kiua, anachota maji ndani ya boti kwa kopo la rangi. Wa kututembeza hayupo. Saa tatu na robo huyo anakuja, kijana wa miwani ya jua, simu mbili, anamwendea mama mkwe moja kwa moja: "Mambo vipi, bimkubwa!"

Mama ana miaka sabini na moja. Hakujibu "poa". Alimwangalia tu, ule mtazamo wa mwalimu wa zamu getini. Mke wangu akanifinya mkono ili nisiseme kitu.

Sasa ikaja ya vibali. Kumbe vibali tulivyokwisha kulipia Dar havijalipiwa. Kijana anasema anasubiri kontroo namba ya kulipia serikalini, mara mtandao uko chini, mara mhusika ametoka. Sawa, mtandao unaweza kuwa chini, hilo si kosa lake. Lakini kila nikigeuka namwona pale kwenye kibanda, kijiko mkononi, anakunywa supu ya pweza. Bakuli la kwanza, bakuli la pili, anakamulia ndimu bila haraka kama bwana harusi asubuhi ya pili. Nahodha anaangalia maji. Akasema mara moja tu, "Haya yakianza kutoka, mtarudi kwa miguu." Tuliondoka saa sita kasoro dakika chache.

Mtaani mtembeza watalii tunamwita "gaidi", na siku hiyo sikuona haja ya kulibadilisha neno.

Kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu yenyewe, si mbali, nusu saa haifiki. Unashuka karibu na Gereza, ile ngome, na bahari imeshakula upande wake mmoja. Kijana akaanza kutoa maelezo kwa sauti ya risala ya mwenge: "Ngome hii ilijengwa na Wareno." Kituo. Akageuka aondoke. Mama, kwa upole kabisa, nawaapia, akasema: "Mwanangu, Mreno alijenga mwaka 1505 na hakukaa sana. Hili tunaloliona sehemu kubwa ni la Waomani, la karne ya 19. Waambie na hilo, wageni wasichanganye."

Kijana akacheka. "Mama, umekuja kutembea au umekuja kunifanyia mtihani?"

Watu wawili watatu wakacheka naye. Mama akanyamaza. Mimi nikaanza kuhesabu boriti kwenye mlango, maana ningemwangalia yule kijana usoni ningeharibu ukwe wangu.

Halafu tukaingia Msikiti Mkuu, na hapo naomba niweke hasira pembeni kwa aya moja, kwa sababu haki ni haki. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11, paa lake halipo tena. Ukisogea kusini unaingia kwenye nguzo na matao na kuba ndogo ndogo, upanuzi wa karne ya 14, na mwanga unaingia kwa vipande unalala sakafuni. Mama alivua kandambili bila mtu kumwambia. Akaweka kiganja kwenye nguzo akakiacha pale. Nami nikaweka cha kwangu. Kwa karibu unaona kuwa si jiwe kama jiwe: ni tumbawe, lina vijitundu na mistari kama sega la nyuki, mdudu wa baharini ameganda humo, na juu yake mabaki ya chokaa laini kama ukoko wa wali. Nimekua nikijua neno "matumbawe", sikujua kuwa unaweza kuliegemea. Tukakaa kimya pengine dakika kumi. Kijana alikuwa nje, simu moja kila sikio.

Tulipotoka akapiga makofi mawili. "Haya jamani, tumemaliza, botini."

Mama akauliza, "Na Husuni Kubwa?"

"Maji yanatoka. Hatuwahi."

"Lakini imo kwenye ratiba, baba."

Akavua miwani kwa mara ya kwanza. Nikadhani ataomba radhi. Akasema, maneno haya haya, sijaongeza chumvi: "Mama, mawe ni mawe tu. Ukiona haya umeona na yale."

Mawe ni mawe tu! Huyu ndiye analipwa kututembeza. Ni sawa na muuza madafu kukwambia maji ni maji tu, kanywe ya bomba. Na maji ya bahari kutoka nakubali, yanatoka kila siku tangu Mungu aumbe pwani, ndiyo maana ratiba iliandikwa saa mbili! Kama si supu ya pweza tungekuwa tumekwenda Husuni, tumerudi na tumelala. Haya yote niliyasema moyoni. Kwa mdomo nilisema, "Twende mama, jua kali." Mwoga mimi.

Wakati wa kurudi nahodha hakukata moja kwa moja. Akaambaa kwanza na kisiwa, akazima mashine kidogo, akanyosha kidevu juu ya mwamba. "Ile pale." Miti, vichaka, na kipande cha ukuta wa kijivu kinachungulia. Mama akafunika macho na kiganja, akaangalia mpaka boti ilipogeuka. Usiku hakugusa chakula, akasema samaki wa Somanga wa jana bado wamemshibisha.

Nikatoka nje nikapiga simu ofisini kwao Dar. Dada wa huko sauti tamu kama halua: "Mteja wetu mpendwa, ratiba hutegemea hali ya bahari." Nikamwambia bahari haikuwa na neno, bahari haikuonekana kibandani na kijiko. Akasema atalifikisha. Mpaka leo analifikisha.

Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa kuhusu nyota.

Ile nikiwa nje namalizia kunung'unika, nahodha akapita na kasia begani. Akasema alfajiri maji yatakuwa yanajaa, saa kumi na mbili na nusu tuwe gatini, saa tatu tumesharudi, Kosta bado haijaondoka. Bei yake ndogo mpaka nikaona haya. Kibali kilikuwa cha siku moja, kwa hiyo tulilipa upya. Ndiyo, nimelipa mara mbili kuona kitu kimoja, liandikwe hilo.

Alfajiri tunafika gatini, nani yuko ndani ya boti? Yule kijana. Hana miwani. Ana chupa ya chai na vitumbua kwenye karatasi. Kasimama wima. "Shikamoo, mwalimu."

Sijui nahodha alimwambia nini usiku. Wengine wanasema ni mjomba wake, mimi sikuuliza. Mama akaitika "marahaba" kama vile jana haikuwepo. Mimi sikuitika chochote, nilikuwa bado na jana yangu.

Tulishuka majini mpaka magotini, na yeye akamshika mama mkono kupanda mpaka juu, hatua kwa hatua, akikanyaga kwanza yeye kila penye jiwe linalocheza. Na huko juu, jamani. Vyumba baada ya vyumba, kuta za kufika kifuani, nyasi za umande, bahari iko chini yako nzima nzima, unaelewa kwa nini sultani alichagua pale: hakuna jahazi linaloingia usilione. Na bwawa. Liko wazi, kavu, pembe nane kweli. Mama akalizunguka kwa kidole anahesabu, moja, mbili, tatu, kila kona anasimama, alipofika nane akasema, "Nilikuwa nalichora dogo."

Akakaa ukingoni na chai yake, akaanza kufundisha. Sikuwahi kumsikia akifundisha. Akamweleza kijana habari ya sultani yule al-Hasan, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta anasimulia kuwa siku moja sultani ametoka kuswali Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Hizo hizo za mwilini. Sultani akarudi ndani, akabadilisha, akamwachia. Kijana kaduwaa, kitumbua mkononi. "Hiyo sikuwa naijua, mwalimu." Mimi nikawaza: mwenye jumba hili alivua nguo akampa mtu asiyemjua, na hawa niliowalipa laki tatu na nusu kwa kichwa walishindwa hata chupa ya maji ya kunywa kwenye boti. Ndiyo, maji ya kunywa hayakuwepo, nilisahau kuandika. Hasira imerudi.

Wakati wa kurudi Dar, Kilwa Kivinje, ule mji mwingine wa kale, tulipita kama tunafukuzwa. Mwembe Kinyonga, walikonyongwa watu wakati wa Maji Maji, dakika tano, picha, ingieni garini. Milango ile ya kuchonga na maghorofa yanayoporomoka niliyaona kupitia kioo. Mji ule ulistahili siku nzima, na ratiba ilisema "kutembea Kivinje kwa utulivu". Utulivu wa nani?

Basi, hesabu yangu. Kampuni nyota moja, na hiyo ni ya dereva. Nahodha tano, na ningeweza ningempa na boti mpya. Kijana nilimpa sifuri pale Gereza, asubuhi ya tatu nikafikia tatu, nikikumbuka "mawe ni mawe tu" nashuka hadi moja na nusu. Mke wangu anasema nina kinyongo. Kweli ninacho.

Mama mkwe naye nilimsomea andiko hili kabla ya kulituma. Akasema, "Baba Nuru, umemkaanga sana mtoto wa watu. Ni kijana mzuri, hajasoma tu." Alimwachia namba yake, kumbe. Sasa kila jioni kijana anatuma ujumbe wa sauti: mwalimu, eti Malindi ya Kisiwani na Malindi ya Kenya ni moja? Mwalimu, mgeni wa leo kaniuliza sarafu za Kilwa zilifikaje Australia, nimwambieje? Na mama anamjibu, dakika kumi na moja, dakika kumi na nne, sebuleni kwangu, sauti ya darasani, televisheni imezimwa. Jana nimesikia wanapanga kwenda Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu. Kifurushi cha intaneti nanunua mimi.