Kware Wazuri, Kanga Mkavu: Mkahawa Mmoja wa Kilimani

Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na mtu anayetamani ndege wa porini mkahawani jijini Nairobi hutarajia kula aliyefugwa kwa kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kwa hiyo, nilipoona kware na kanga kwenye ubao wa vyakula wa mkahawa mmoja mdogo mtaani Kilimani, nilianza kwa kuuliza wametoka wapi. Mhudumu hakusita: alinionyesha nakala ya kibali cha mfugaji, iliyobandikwa ukutani juu ya sinki ya kunawia mikono, akaniambia kwamba huletwa kila Ijumaa kutoka Kiambu. Kama angebabaika, ningeondoka.

Niliagiza kware wawili, kwa kuwa mmoja, akishanyonyolewa na kutolewa matumbo, ni mdogo kiasi cha kutoshea kiganjani. Walikuwa wamepasuliwa mgongoni na kulazwa bapa, wakapakwa chumvi, kitunguu saumu na ndimu, kisha wakachomwa juu ya makaa yaliyokwisha kushika jivu. Ngozi ilikuwa imekauka vizuri kwenye ncha za mabawa, na nilipovuta paja liliachia lenyewe, mchuzi mwembamba ukachuruzikia ugali wa wimbi. Kidari, ambacho ndicho hukauka kwanza, kilikuwa bado na majimaji. Mpishi alipopita mezani nilimpongeza, naye akanijibu, "Kware hataki kukaa sana motoni, mama. Ukigeuka kuzungumza na mtu, ameharibika."

Nimelelewa magharibi mwa nchi, ambako kware, tunaowaita isindu, hunaswa kwa kutundika vikapu vyenye madume juu ya mti mrefu ili sauti zao ziwaite wenzao alfajiri. Nilitarajia ladha ile kali kidogo ya ndege aliyekula mbegu za mashambani, nami sikuipata. Kware anayefugwa kwa wingi ni yule wa Kijapani, anayekua kwa chakula cha kununua na kuwa tayari kuchinjwa akiwa na wiki sita hivi. Nyama yake ni laini kuliko ya isindu, ila ladha yake ni pole. Hilo si kosa la mkahawa, bali mgeni wa kwetu ni vyema alijue kabla ya kuagiza.

Kanga ndiye aliyenisikitisha. Nililipa shilingi 1,800 kwa nusu yake, nikaletewa nyama iliyochomwa kama kuku wa kisasa, kavu, yenye nyuzi zilizong'ang'ania meno. Kanga ana mafuta machache mno. Hufaa kutokoswa taratibu chunguni pamoja na vitunguu na nyanya, chungu kikiwa kimefunikwa, hadi paja lilegee, ndipo apitishwe motoni kwa muda mfupi akitakiwa kuwa na rangi. Nilipolalamika niliambiwa kwamba huyo alikuwa amekomaa sana, jibu ambalo sikuliridhia, kwa sababu ndege aliyekomaa ndiye hasa anayehitaji chungu.

Mboga za managu zilikuwa nzuri na huduma ilikuwa ya haraka. Wenye watoto wawachambulie kware wenyewe, kwani mifupa yake ni myembamba na mikali. Nimerudi mara mbili tangu siku hiyo, nikaagiza kware mara zote mbili, na kila mara nimeuliza kama kanga wameanza kumpika kwa mchuzi. Bado.