Kamera za betri ni walinzi wanaosinzia: tathmini ya kamera za ulinzi zisizo na waya

Boksi likiandikwa "isiyo na waya", uliza kwanza ni waya upi uliotolewa. Kuna kamera ambazo picha zake hupita kwenye Wi-Fi lakini umeme bado unatoka kwenye soketi, na kuna zile zenye betri ndani ambazo hazihitaji waya wowote. Kwa sura zinafanana; kwa tabia ziko mbalimbali kabisa. Ya umeme iko macho saa 24. Ya betri hulala, na huamka pale tu inaposhtuliwa. Tunazungumzia zaidi hizi za betri, kwa sababu ndizo wengi huzinunua wakidhani wamenunua zile nyingine.

Kinachoiamsha ni kihisi joto, kile kijicho cheupe cha plastiki kilicho karibu na lenzi. Kihisi hiki hakioni picha. Kinachohisi ni joto la mwili linapohama kutoka upande mmoja wa eneo lake kwenda mwingine. Ndiyo maana mtu anayekatiza mbele ya kamera hunaswa mapema, na anayeijia moja kwa moja hunaswa akiwa tayari amefika. Kioo huzuia joto hilo, kwa hiyo kamera ya betri iliyowekwa ndani ya dirisha ili itazame nje haitaamka hata ukicheza ngoma mbele yake. Mchana wa joto kali, hali ya hewa inapokaribia joto la mwili, kihisi hupungukiwa na uwezo. Hapo si kamera iliyoharibika.

Baada ya kushtuliwa, kamera huhitaji takriban sekunde moja au mbili kabla ya kuanza kurekodi. Kwenye njia nyembamba hizo zinatosha mtu apite, nawe ubaki na video ya mgongo. Nyingi pia zina muda wa kupumzika baina ya tukio na tukio. Ukiuacha kwenye dakika moja, mtu wa pili anaweza kuingia na kutoka bila kurekodiwa. Ushushe hadi kiwango cha chini kabisa ambacho programu inaruhusu, hasa kwa kamera ya mlangoni.

Ufungaji ndio unaoamua kama kifaa kitasaidia au kitasumbua. Urefu wa mita 2 hadi 3 unafaa, lenzi ikiinamishwa chini kidogo na ikielekezwa ili watu wapite kwa kukatiza. Ukipandisha juu ya hapo utapata picha nzuri za kofia. Kabla ya kutoboa ukuta, shikilia kamera mahali penyewe, funga milango na geti kama inavyokuwa usiku, kisha tazama video ya moja kwa moja kwa dakika mbili. Programu ikionyesha nguvu ya Wi-Fi kwa dBm (kipimo cha mawimbi; namba ikiwa karibu zaidi na sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi), -60 ni nzuri, -70 inaanza kuyumba, na ikifika -80 tafuta mahali pengine au sogeza ruta. Zege lenye nondo na milango ya chuma ndivyo vinavyokula mawimbi zaidi. Mawimbi dhaifu hayaleti video ya kukatikakatika tu: kamera hutuma data ileile tena na tena, na betri huisha upesi.

Kosa la siku ya kwanza karibu kila mara ni lilelile. Kamera nyingi hizi hutumia Wi-Fi ya 2.4 GHz, masafa yanayopenya kuta vizuri kuliko 5 GHz. Kama ruta imeunganisha masafa yote mawili chini ya jina moja, kamera inaweza kushindwa kujiunga. Zima 5 GHz kwa muda, unganisha kamera, kisha uiwashe tena.

Betri sasa. Namba ya miezi kwenye boksi ni hesabu ya matumizi madogo. Matukio 20 kwa siku, kila moja sekunde 15, ni dakika 5 za kurekodi. Elekeza kamera hiyohiyo barabarani ipate matukio 150, na zinakuwa dakika 37 na nusu, zaidi ya mara saba. Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: zile kanda unazochora kwenye programu ili sehemu fulani ipuuzwe, kwenye kamera nyingi huchuja arifa tu. Kamera bado imeamka, imetazama, ikaamua kunyamaza. Betri imelika. Dawa ni kugeuza kamera yenyewe au kupunguza wepesi wa kihisi. Kutazama video ya moja kwa moja kila baada ya muda nako ni ulaji mkubwa, na wenye nyumba ndio wanaoongoza kwa hilo.

Paneli ya sola husaidia sana ikiwa jua linaipiga lenyewe kwa saa kadhaa. Kivuli cha tawi moja kinatosha kuidhoofisha. Iweke paneli juani na kamera kivulini, maana betri za lithiamu-ayoni huacha kuchajiwa zikipata joto sana, na chini ya nyuzi 0 hazipaswi kuchajiwa kabisa.

Picha nayo isikupumbaze kwa namba kubwa. Kiwango cha Ulaya EN 62676-4 cha mwaka 2015 kilitaka pikseli (nukta za picha) 250 kwa kila mita ili uso wa mtu usiyemjua utambulike. Kamera ya 1080p yenye upana wa nyuzi 110 hufikia hapo kwenye umbali wa mita 2.7 hivi, ya 4K kama mita 5.4. Mbele ya hapo utaona kuna mtu na amevaa nini, basi. Usiku ni pungufu zaidi, na uso ukikaribia mno hung'aa mweupe kwa mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho ambao kamera humulika gizani. Picha ya usiku ikiwa ukungu mtupu, angalia kwanza utando wa buibui mbele ya lenzi, halafu ukuta au ukingo wa paa ulioingia pembeni mwa picha na kuurudisha mwanga. Utando huo ni kazi ya kitambaa laini kila baada ya wiki chache.

Hifadhi ndipo bidhaa zinapotengana. Blink hutumia betri mbili za AA za lithiamu na kuhifadhi mtandaoni kwa malipo ya usajili, au kwenye USB kupitia kituo chake kidogo, yaani kisanduku cha ndani kinachounganisha kamera. Reolink Argus huweka kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera. eufyCam 2 hutuma video kwenye kituo kilichomo ndani ya nyumba, chenye GB 16. Tunapendelea njia ya kituo: mwizi aking'oa kamera yenye kadi, ameondoka na ushahidi. Nafasi si tatizo kwa za betri, kwani dakika 5 kwa siku kwa 2 Mbps (megabiti 2 kwa sekunde) ni MB 75. Ya umeme inayorekodi mfululizo kwa kiwango hicho hula GB 21.6 kwa siku, na kadi ya GB 128 haifikishi siku sita. Hiyo nunua kadi iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, za kawaida huchoka kwa kuandikwa juu kila siku.

Umeme ukikatika, kamera ya betri haizimi lakini ruta inazima, na arifa zinakwama. Betri ndogo ya akiba kwa ruta inamaliza hilo. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti, na wanafamilia wapewe ufikiaji kama wageni badala ya kugawana nenosiri moja. Dirisha la jirani likiingia kwenye picha, lifunike ndani ya programu kwa eneo jeusi la faragha, na sauti izimwe pasipohitajika.

Kwa geti, bustani, banda au nyumba ya kupanga isiyoruhusu kutoboa kuta, kamera za betri tunazipendekeza bila kusita. Mlango mkuu unaopitwa na watu mara mia kwa siku uwekewe ya umeme. Anayetaka kurekodi kila sekunde kwenye mashine yake mwenyewe aulize dukani kuhusu RTSP, njia ya kupeleka video ya kamera kwenye mashine hiyo, kabla ya kulipa: nyingi za betri hazina.